Kuta za Mji wa Kale ni matini, ila wahakiki tumezipa kisogo

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la wahadhiri waliokuwa wakisikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili. Kijana mmoja, mzaliwa wa Mombasa, alisimama akawasha projekta na kutuonyesha picha za kuta. Picha baada ya picha, kuta tu, jamani! Zilikuwa zimejaa maandishi ya makaa, ya chaki, ya rangi ya brashi na ya rangi ya kupuliza. Alitaka kuyachunguza maandishi ya kutani katika Mji wa Kale na mitaa inayopakana nao, ayasome kama utanzu wa fasihi ya Kiswahili.

Tulicheka. Sisemi "walicheka" kwa sababu mimi ndiye niliyeanza. Nilimuuliza, "Bwana mdogo, hili la 'Usikojoe hapa' ni shairi la bahari gani?" Jopo zima likaangua kicheko, na kijana wa watu akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemeza kidonge kichungu mbele ya daktari. Mwezi mmoja baadaye alirudi na pendekezo kuhusu usawiri wa wahusika wa kike katika riwaya mbili. Likapita bila jasho. Alihitimu, akavishwa joho, tukapiga picha. Sijapata kusikia mtu akiitaja tasnifu ile, yeye mwenyewe akiwemo.

Nilimkumbuka mwezi uliopita nilipokuwa Mombasa kwa shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa na saa mbili za kupoteza, nikaamua kutembea kwa miguu hadi Fort Jesus. Njiani nikajikuta nikitafuta zile kuta zake. Sikuziona. Tangu mwaka 2018, serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na kutiwa buluu, sehemu kubwa ya mji imevaa kanzu mpya. Sina ugomvi na usafi. Mji unapendeza, na mtalii anayeshuka kutoka melini anaupiga picha kwa raha. Lakini niliposimama mbele ya ukuta mmoja mweupe pe, nikajua kwamba chini ya ile rangi kuna sentensi ambazo niliwahi kuonyeshwa, nikazicheka, na sasa sizikumbuki hata moja kikamilifu.

Basi nikalipa kiingilio, nikaingia ngomeni.

Msomaji aliyewahi kufika pale anajua kwamba miongoni mwa vitu vinavyotunzwa kwa heshima ndani ya Fort Jesus ni michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na katika miongo iliyofuata wanajeshi na mabaharia waliokuwa zamu walichukua makaa na udongo mwekundu, wakachora ukutani walivyovikumbuka na walivyoviona: meli, samaki, watu. Hawakuwa wasanii wa kasri. Ukiitazama ile michoro kwa makini unaona mikono ya watu waliochoshwa na joto, wakisubiri meli ya kuwarudisha kwao. Kwa ufupi, ni vijana walioandika ukutani kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Leo tunaiita turathi. Tunalipa kuitazama, na ukinyoosha kidole kuigusa utakemewa, tena kwa haki.

Sikereki na jambo hilo hata kidogo. Mwaka 2011 ngome iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO, na michoro ile ni sehemu ya thamani yake. Ninachosema ni kwamba uzee umeifanyia michoro ile kazi ambayo uhakiki ungepaswa kuifanya. Hatukuisoma tukaiona nzuri. Tuliikuta imezeeka, tukaiamkia.

Hebu tutoke hadi langoni, maana huko kuna matini inayonivutia zaidi. Juu ya lango limechongwa andiko la Kireno la kapteni aliyeitwa Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hassan alikuwa amewaasi Wareno na kuiteka ngome. Cabreira aliletwa kurekebisha mambo, na aliporidhika na kazi yake akaagiza iandikwe. Andiko linataja jina lake. Linataja umri wake: miaka 27! Linasema aliijenga upya ngome na kuiongezea chumba cha walinzi. Kisha linaorodhesha aliowanyoosha: wafalme wa pwani aliowatoza kodi, Pate na Siyu alizoziadhibu hadi akabomoa kuta za miji yao, Pemba alikowaua viongozi na watu mashuhuri.

Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi aliyefika kidato cha tatu atakwambia utanzu huo unaitwaje. Ni majigambo. Mtambaji anajitaja, anataja matendo yake, anawataja aliowashinda, na anatia chumvi pale anapoweza. Hata ile kutaja umri ni mbinu: nimeyatenda haya yote nikiwa kijana, wewe umefanya nini? Tofauti ni kwamba mtambaji wa majigambo yetu husimama mbele ya watu wanaoweza kumzomea, ilhali Cabreira aliyatundika yake juu ya mlango ambao kila mtu alilazimika kuinamisha kichwa ili apite. Huyu mtu anajisifu ukutani kwamba alibomoa kuta za wenzake. Nami nilisimama pale nikajiuliza: kijana wa mtaani akiandika jina lake kwa rangi ya kupuliza kwenye kona ya Ndia Kuu, akaongeza jina la timu yake na la mtaa wake, anafanya nini tofauti na kapteni huyu? Anajigamba tu, isipokuwa hajaua mtu.

Nadhani kosa letu la jopo lilianzia kwenye msamiati. Kiswahili hakikutupa neno tulivu la kitendo hiki. Tunachokipenda tunakiita nakshi, kama ile ya milango ya Mji wa Kale. Tusichokipenda tunasema ni kuchafua ukuta. Katikati kuna kitenzi "chora", ambacho kingetosha kabisa, lakini hatukiachi kilivyo. Mchoraji akiwa mtoto wa mtaani tunakirudufu: ati wanachorachora. Wanaisimu wanajua kwamba kurudufu kitenzi cha Kiswahili mara nyingi hukipunguzia uzito. Anayesomasoma hasomi. Anayelimalima halimi. Anayechorachora, basi, hachori chochote chenye maana, na hukumu imeshatolewa kabla ya mtu kusoma hata herufi moja. Kuna na neno la mkopo, grafiti, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kiitaliano cha kukwaruza. Nalo limepata makao ya ajabu kwetu: kwenye matatu, grafiti ni sifa, hulipiwa maelfu, na kuna abiria wanaoliacha gari lisilo nayo lipite. Likishuka kutoka kwenye matatu hadi ukutani, neno lilelile linakuwa uhalifu.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kejeli, nilijibu mwenyewe kwa kuchelewa. "Usikojoe hapa" si shairi la bahari yoyote. Lakini mwenye kusoma kuta anaona kwamba sentensi hiyo haipo peke yake. Ina ndugu. Kuna "Ni marufuku kukojoa hapa", ambayo imevaa suti na kusimama kama karani wa kaunti. Kuna "Usikojoe hapa" yenyewe, inayomlenga mtu mmoja, wewe, uliyekwisha kushika zipu. Na kuna ile ya "Akojoaye hapa ni mbwa". Hii ya tatu haikatazi neno. Haina amri ndani yake. Inatoa maelezo ya kweli kuhusu dunia, halafu inakuachia wewe uamue kama unataka kuingia ndani ya kile kirejeshi "-ye". Ukikojoa, sarufi inakugeuza mnyama. Mimi nimefundisha virejeshi kwa miaka mingi na sina mfano mzuri kuliko huo, ila siuandiki ubaoni kwa sababu ya adabu.

Au tuchukue "Nyumba hii haiuzwi". Nairobi tumeizoea, maana matapeli wa ardhi wametufunza kuandika hivyo hata kwenye banda la kuku. Ila katika Mji wa Kale sentensi hiyo ina uzito wake. Iangalie kauli ya kutendwa: haiuzwi. Haiuzwi na nani? Mtendaji amefichwa. Mwandishi hakuandika "Siuzi", na nadhani hakuweza. Nyumba nyingi za kule ni za urithi. Zina warithi kumi, ishirini, wengine wako Mombasa, wengine wako Muskati au London. Baadhi ni za wakfu, yaani hazina mwenyewe wa kuziuza hadi Kiama. Mmoja wao akithubutu kuandika "Siuzi" ukutani, binamu zake watamuuliza: wewe nani, hata uuze au usiuze? Kauli ya kutendwa inamwokoa. Inaiacha nyumba ijisemee. Ndiyo sababu nasema sentensi hiyo ni ya kifasihi. Maneno matatu yamebeba sheria ya mirathi, hofu ya kuporwa na ugomvi wa familia, na mwandishi hakutaja lolote kati ya hayo.

Na kuna ile ambayo haikuwa mzaha kwa yeyote: "Pwani si Kenya". Mwanzoni mwa muongo uliopita maneno hayo yaliandikwa kwenye kuta nyingi za pwani. Kundi lililoyabeba, Mombasa Republican Council, lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2010, na marufuku hiyo ikabatilishwa na Mahakama Kuu mjini Mombasa mwaka 2012. Watu walikamatwa. Huhitaji kuikubali siasa yake, nami siikubali, ili uone jinsi ilivyoundwa. Hakuna kitenzi. Kuna majina mawili ya mahali, na katikati yake kile kikanushi kifupi "si". Hakisemi Pwani haitaki kuwa Kenya, wala haipaswi kuwa Kenya. Kinasema si, basi, kama mtu anavyosema maji si mafuta. Waliopinga nao wakaiona nguvu hiyo, maana jibu lao lilikuwa "Pwani ni Kenya". Mjadala mzima wa katiba, ardhi na ajira ukaning'inia kwenye konsonanti moja, "s" au "n". Kati ya picha za yule kijana, nakumbuka ilikuwepo moja ambapo mtu amefuta "s" kwa rangi na kuandika "n", kisha mtu mwingine akaja akairudisha "s" juu yake. Tulipoiona tulicheka pia.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kilichoandikwa ukutani ni johari. La. Mhakiki asiyeweza kusema "hii ni mbovu" hana kazi. Majina mengi yanayotiwa kutani siku hizi kwa rangi ya kupuliza ni nakala ya nakala. Mtindo huo wa kuacha jina kila mahali ulianza kuvuma Philadelphia na New York mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 gazeti la New York Times liliandika kuhusu kijana aliyesambaza saini yake, TAKI 183, mji mzima. Ile 183 ilikuwa barabara ya mtaani kwao. Angalau jina lile lilikuwa na anwani. Vijana wetu wamechukua umbo la herufi na kuacha anwani. Herufi zimepinda kiasi kwamba hazisomeki, na zikisomeka ni jina la kizungu ambalo lingeweza kuwa Manila au Madrid. Majigambo yasiyotaja tendo, yasiyotaja mahali, yasiyomtaja aliyeshindwa, ni kukohoa tu. Na mtalii anayekwaruza jina lake na la mchumba wake ndani ya kopa ameandika matini duni kupita zote, halafu anapanda ndege.

Wala sijasahau mwenye ukuta. Siku hiyohiyo, mtaa wa Kibokoni, nilimkuta bi mkubwa mmoja ameketi kizingitini akisimamia fundi. Nikamwamkia, nikamweleza ninachokitafuta. Alinitazama kwa muda.

"Wewe mwanangu wayaita fasihi," akasema. "Mimi nayaita gunia la chokaa na ujira wa fundi siku mbili. Hao wakitaka kuandika, kwani hawana madaftari?"

Sikuwa na jibu. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukiupaka rangi ya mafuta unaziba pumzi zake, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya muda lipu inabanduka vipande vipande. Ukiukwaruza unaufungulia maji njia. Mwandishi wa ukutani hutumia karatasi ambayo si yake, na bili hupelekewa mtu mwingine. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inawakataza watu kuharibu majengo yanayolindwa, na sioni sababu ya kuilaumu.

Lakini kumkataza mtu kuandika ni jambo moja, na kukisoma kilichokwisha kuandikwa ni jambo jingine. Hapo ndipo sisi wahadhiri tulipowaangusha watu wa Mombasa. Nawaza kuhusu Muyaka bin Haji, malenga wa mji huohuo, aliyefariki mwaka 1840. Leo tunamfundisha vyuoni kama nguzo ya ushairi wa Kiswahili, aliyeutoa msikitini akaupeleka sokoni. Mengi aliyoyatunga yalikuwa ya papo kwa papo: vijembe vya siasa, ugomvi, mapenzi, bei ya vitu. Yangepotea yote. Tunaye Muyaka kwa sababu miongo kadhaa baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua alikuwa bado ameyahifadhi mashairi hayo, na Mwingereza W. E. Taylor akayanakili kwa msaada wake. Diwani yenyewe haikuchapishwa hadi mwaka 1940. Sikujua hakungoja kuambiwa na jopo kwamba vijembe vya sokoni ni fasihi. Aliandika kwanza.

Vivyo hivyo, waliojenga Gede na Kilwa walituachia majengo, na mabaharia wasio na majina wakakwaruza vyombo vya matanga kwenye lipu ya majengo hayo. Leo wanaakiolojia wanaitumia michoro ile kujua jahazi za karne hizo zilikuwa na umbo gani. Mwenye nyumba wa wakati ule, nina hakika, alikasirika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ningetamani ungefika kwenye idara zetu za Kiswahili kabla ya kufika kwa kaunti. Pakeni rangi. Ila kabla fundi hajachovya brashi, mtu na apige picha, aandike mtaa na tarehe, na aandike maneno yalivyo, na makosa yake ya tahajia. Hasa makosa hayo. Anayeandika ukutani "Hii ndia, si jaa" hajakosea kwa kuandika "ndia" badala ya "njia". Ameandika Kimvita, lahaja ambayo haimo katika mtihani wowote anaoufanya mwanawe, na ambayo jina la barabara yenyewe, Ndia Kuu, bado linaing'ang'ania. Tunalalamika makongamanoni kwamba lahaja zinakufa, nazo zimeandikwa barabarani kwa herufi kubwa.

Nilipotoka Mombasa nilimtafuta yule mwanafunzi. Anafundisha shule moja ya upili bara. Nilimwomba msamaha kwa simu, naye akanitoa aibu haraka. "Hapana, Mwalimu, yalishapita hayo." Nikamuuliza kuhusu picha. Simu aliibiwa zamani, akasema, lakini kadi ya kumbukumbu aliitoa kabla. Jioni hiyo akanitumia picha 46.

Nimezipitia zote mara tatu. Ile ya "s" na "n" ipo. Mbwa na kirejeshi chake yupo, tena katika mitaa miwili tofauti. Picha ya 31 imenishinda. Ni mwimo wa mlango, na juu yake pana mstari wa chaki kwa hati za Kiarabu. Lugha si Kiarabu, hilo nina hakika nalo. Ni Kiswahili, na neno la kwanza ni "mlango". Neno la pili limefutika nusu, na la tatu linaweza kusomwa kwa njia tatu. Nimeichapisha kwa ukubwa. Ijumaa baada ya swala nitaipeleka Kibokoni, wazee wakiwa barazani na kahawa yao, na yule bi mkubwa akiniruhusu nitaanzia kwake.